Vielelezo vya Utarizi vya Wasichana wa Marafiki katika Marekani ya Zamani

Katika hifadhi ya shule ya Westtown, jimbo la Pennsylvania, na katika majumba kadha wa kadha ya makumbusho ya Marekani na Uingereza, mna vipande vya kitani vilivyotiwa tarizi ya herufi, tarakimu, maua, ndege wawili wawili, na maumbo yenye pembe nane. Chini yake, au katikati, husomeka jina la msichana, jina la shule au mji wake, na mwaka. Aliyevishona hakuwa fundi wala msanii mwenye sifa. Aghalabu alikuwa mtoto wa miaka minane, kumi, au kumi na mitatu, aliyekaa benchini pamoja na wenziwe, subana kidoleni, akihesabu nyuzi za kitambaa moja moja mbele ya mwalimu wake.

Vitambaa hivi vimepata kutazamwa kama mapambo ya ukutani, na bei yake mnadani imepanda sana. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha na maandishi thamani yake ni nyingine. Ni hati zilizoandikwa kwa sindano. Zina hijai zake, tarehe zake, sarufi yake ya alama, na makosa yake. Zaidi ya hayo, zimetoka kwa jamaa ya watu waliochukia urembo na kuukataza, nao ni urembo. Jinsi mambo hayo mawili yalivyopatana katika kitambaa kimoja ndiyo habari ya makala haya.

Jina na asili ya kazi hii

Kitambaa kinachozungumzwa chaweza kuitwa kwa Kiswahili kielelezo cha utarizi. Jina lake la Kiingereza lilipita katika Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, na shina lake ni exemplum, yaani mfano wa kufuatwa. Maana hiyo yaeleza kazi ya kwanza ya kitambaa chenyewe. Zamani, kabla vitabu vya michoro ya ushonaji havijaenea, mwanamke aliyeuona mshono mpya au ua jipya alilinakili kwa sindano katika kitambaa chake, kusudi asilisahau. Kitambaa kilikuwa daftari. Kiliviringishwa na kuwekwa kikapuni, na kila ilipohitajika kupamba shuka au vazi, kilikunjuliwa kikatazamwa.

Kielelezo cha Uingereza kilicho cha zamani kuliko vyote vyenye tarehe ni cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598, nacho kimehifadhiwa katika Victoria and Albert Museum, London. Kwa upande wa Marekani, kile kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kushonwa katika nchi hiyo ni cha Loara Standish wa Plymouth, binti wa kapteni Myles Standish, na hukadiriwa kuwa cha karibu mwaka 1653. Vielelezo vya karne hiyo vilikuwa virefu na vyembamba, na nakshi zake zilipangwa mistari kwa mistari. Katika karne ya 18 umbo likabadilika. Kitambaa kilifupishwa, kikapanuliwa, kikazungushiwa pindo la maua pande zote nne, na badala ya kuwa daftari la mtu mzima kikawa kazi ya mtoto wa shule. Tangu hapo hakikutengenezwa ili kitazamwe na mshonaji tu. Kilitengenezwa ili kitazamwe na wazazi, wageni na majirani, kuwa ushahidi kwamba msichana amefundishwa. Hivyo kielelezo kiligeuka kutoka daftari kuwa cheti.

Marafiki na usahili

Chama cha Dini cha Marafiki kilianza Uingereza katikati ya karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox. Watu wa nje waliwapa jina la Quaker, yaani watetemekao, kwa dhihaka. Wenyewe walijiita Marafiki, na hilo ndilo jina wanalojulikana nalo hata katika Kiswahili. Walifundisha kwamba katika kila mtu, mwanamume au mwanamke, mna nuru ya Mungu, na kwa hiyo hapahitajiki kasisi wa kumsemea mtu mbele ya Mola wake. Wanawake waliruhusiwa kuhubiri. Marafiki walikataa kula kiapo, walikataa vita, na walikataa kumvulia kofia mkubwa yeyote. Wengi walifungwa gerezani kwa sababu hiyo. Katika mwaka 1681 mmoja wao, William Penn, alipewa na mfalme wa Uingereza hati ya kumiliki nchi iliyoitwa Pennsylvania, naye akafika huko mwaka 1682. Bonde la mto Delaware likawa makao makuu ya Marafiki katika Marekani.

Imani hiyo ilizaa kanuni ya usahili iliyoingia katika kila jambo la maisha. Nguo zilikuwa za rangi zilizofifia, bila kimia wala vifungo vya anasa. Nyumba haikutundikwa picha za watu. Muziki haukufundishwa. Hata lugha ilisafishwa: katika Kiingereza cha siku zile mtu mmoja mwenye cheo aliambiwa kwa neno la wengi, kama vile katika Kiswahili mtu mmoja angeambiwa ninyi badala ya wewe kwa ajili ya heshima, Marafiki walikataa heshima hiyo na kumwambia kila mtu, tajiri kwa maskini, kwa neno la mmoja. Makaburini nako usahili ulitawala. Kwa muda mrefu mikutano mingi ya Marafiki ilikataza mawe yenye maandishi juu ya makaburi, na wafu wengi walilala bila alama yoyote.

Basi katika nyumba isiyo na picha, na makaburi yasiyo na majina, palikuwa na kitambaa kimoja kilichoruhusiwa kubeba rangi, ua, na jina la mtoto wa kike kwa herufi kubwa. Ruhusa hiyo haikuwa ya bahati. Ilitokana na manufaa. Msichana aliyeelekea kuwa mama wa nyumba alipaswa kujua kuandika juu ya nguo. Shuka, vitambaa vya meza, mito na mashati ya nyumba vilikuwa mali ya thamani, navyo vilifuliwa vingi kwa pamoja. Kila kimoja kilitiwa herufi za mwanzo za jina la mwenyewe na nambari kwa mshono mdogo wa msalaba, ili kisipotee na ili vitumike kwa zamu, kimoja kisichakae kabla ya kingine. Kielelezo cha hijai na tarakimu kilikuwa mafunzo ya kazi hiyo. Wazee wa mkutano walioogopa urembo hawakuweza kuogopa shuka yenye nambari.

Walimu na shule

Kabla ya kuwako shule kubwa za bweni, wasichana wa Marafiki walifundishwa na wanawake waliofungua madarasa nyumbani mwao. Katika Philadelphia ya karne ya 18 walijulikana Elizabeth Marsh na binti yake Ann, na vielelezo vinavyohusishwa na madarasa yao vina mpangilio unaofanana kiasi kwamba wataalamu huvitambua kwa kuvitazama. Katika mwaka 1754 Anthony Benezet, Rafiki mwenye asili ya Ufaransa, alifungua huko huko Philadelphia shule ya wasichana ambayo ni miongoni mwa za kwanza za namna yake katika makoloni ya Waingereza. Baadaye, mwaka 1770, alisaidia kuanzisha shule ya watoto weusi.

Mabadiliko makubwa yalianzia Uingereza. Katika mwaka 1779 daktari John Fothergill na wenziwe walianzisha shule ya Ackworth katika Yorkshire kwa watoto wa Marafiki wasio matajiri. Wasichana wa Ackworth walishona vielelezo vya namna mpya: herufi nzito za Kirumi zisizo na mapambo, na maumbo ya duara na ya pembe nane yaliyopangwa juu ya kitani kitupu, mengine yakikatwa nusu na ukingo wa kitambaa. Mara nyingi kazi nzima ilishonwa kwa uzi wa rangi moja.

Shule hiyo ikawa mfano kwa Marafiki wa Marekani. Shule ya Nine Partners katika jimbo la New York ilifunguliwa mwaka 1796, na Westtown, katika wilaya ya Chester, magharibi ya Philadelphia, ilifunguliwa mwaka 1799 na Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia. Wavulana na wasichana walipokewa wote, ijapokuwa walifundishwa mbalimbali. Wasichana walisoma kuandika, hesabu, sarufi na jiografia, na pamoja na hayo walikuwa na zamu zao za kushona. Jambo hili lina uzito wake. Katika sehemu nyingi za makoloni msichana alifundishwa kusoma na kushona, lakini kalamu iliachiwa ndugu yake wa kiume. Hivyo waliweza kuwako wasichana waliojua kushona majina yao na wasiojua kuyaandika. Katika shule za Marafiki sindano haikuchukua mahali pa kalamu. Zilikwenda pamoja.

Wanafunzi waliohitimu Westtown walitoka wakawa walimu katika shule ndogo za Marafiki huko New Jersey, Maryland, Ohio na kwingineko, nao walichukua vielelezo vyao pamoja nao. Kwa njia hiyo umbo lililobuniwa Yorkshire lilivuka bahari, likashika Pennsylvania, na kusambaa kuelekea magharibi. Wenye kuchunguza vitambaa hivi huweza kufuata nyayo za mwalimu mmoja kutoka mji hata mji kwa kutazama ua moja linalorudiwa na wanafunzi wake. Hata hivyo tahadhari yatakikana: mwalimu Rafiki aliweza kufundisha wanafunzi wasio Marafiki, na nakshi huigwa. Umbo la pembe nane peke yake halithibitishi dini ya mshonaji.

Namna za vielelezo

Kazi za Westtown zaweza kugawanywa katika namna nne.

Ya kwanza ni kielelezo cha hijai. Hiki ndicho alichoanza nacho mwanafunzi: herufi kubwa, herufi ndogo, na tarakimu, pamoja na jina la shule na mwaka. Hakina ua, au kina uzi mmoja wa pindo tu.

Ya pili ni kielelezo cha kutililia. Hapa msichana alikata kitambaa makusudi, akatoa nyuzi, kisha akajaza tundu kwa sindano, akipitisha uzi juu na chini kuiga mtande na mshindio wa nguo. Alifundishwa kuiga mfumo wa kila aina, hata nguo iliyofumwa mshazari na nguo yenye maua. Mtu asiyeelewa akiona miraba hii ya rangi mbalimbali hudhani kwamba ni mapambo. Kumbe kila mraba ni kidonda cha nguo kilichoponywa, na rangi mbili zilitumiwa ili mwalimu aweze kuhesabu kila uzi ulikopita.

Ya tatu ni kielelezo cha maneno teule: beti au aya fupi za maadili, juu ya urafiki, kifo, wema na saburi, zilizoshonwa ndani ya pindo la majani lenye umbo la yai. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kuona kanga ikisema, haitakuwa ajabu kwamba nguo yaweza kubeba neno la hekima. Tofauti ni kwamba neno la kanga huchapwa likavaliwa mbele ya watu, nalo hujibu au huchokoza. Neno la kielelezo lilishonwa na mtoto kwa juma nyingi, herufi kwa herufi, na aliyeambiwa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Ya nne ni ya ajabu kuliko zote: tufe la hariri. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wasichana wa Westtown walishona vielelezo vya dunia nzima, vya umbo la mpira uliojazwa ndani, na juu ya hariri wakatia kwa sindano mistari ya ikweta, ya latitudo na ya longitudo, na majina ya nchi na bahari wakayaandika kwa wino. Baadhi yao walishona pia tufe la pili, la mbingu na nyota zake. Mwanafunzi mmoja, Rachel Cope, aliwaandikia wazazi wake mwaka 1816 kwamba alitazamia taabu nyingi katika kazi hiyo, lakini alitumaini kwamba tufe lake lingekuwa kitu cha kustaajabisha nyumbani, na lingemfaa katika kuwafundisha ndugu zake na kuitia nguvu kumbukumbu yake mwenyewe. Katika barua hiyo msichana ameshapita mpaka wa shuka na nambari. Sindano imemfikisha katika jiografia na elimu ya nyota.

Herufi

Mwenye kuchunguza historia ya maandishi hupata faida katika hijai za vielelezo. Vingi vya zamani havina herufi J wala U, kwa kuwa J ilihesabiwa kuwa sura nyingine ya I, na U sura nyingine ya V. Hivyo hijai yao ina herufi 24. Mwanafunzi aliyefuata kielelezo cha mwalimu wake alirithi hijai ya kizazi kilichopita, hata baada ya wapigaji chapa kuiacha. Vivyo hivyo ile S ndefu ya zamani, iliyofanana na F, iliendelea kushonwa katika vitambaa vingine wakati ilipokuwa inatoweka vitabuni. Kielelezo, basi, ni mahali ambapo mwandiko wa kale hukawia.

Sura ya herufi nayo ilitokana na kitambaa. Kitani kina mtande na mshindio, na mshono wa msalaba huketi juu ya makutano yao. Mstari ulionyooka ni rahisi. Duara ni la kujengwa kwa ngazi. Kwa sababu hiyo herufi O na S zilikuwa mtihani. Makosa yameachwa wazi katika vitambaa vingi: neno lisilotosha ukingoni na herufi zake za mwisho kupandishwa juu ya mstari, au herufi iliyosahauliwa ikaingizwa kwa udogo katikati ya mbili.

Rangi nayo ina habari yake. Kwa usahili walimu wengi walichagua uzi wa hariri mweusi au wa kahawia iliyoiva. Lakini rangi hizo mara nyingi zilitengenezwa kwa dawa yenye chuma, na chuma hula hariri kadiri miaka inavyopita. Katika vitambaa vingi nyuzi nyekundu, buluu na kijani zimedumu, na zile nyeusi, zilizochaguliwa kwa unyenyekevu, zimekatika na kuanguka. Wasomaji wa leo husoma maneno hayo kwa kufuata matundu yaliyoachwa na sindano.

Siku na miezi

Marafiki hawakutaka kutaja siku na miezi kwa majina ya Kiingereza, kwa kuwa majina hayo yana ndani yake miungu ya kale ya Warumi na ya watu wa kaskazini mwa Ulaya. Walihesabu: Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, Mwezi wa Kwanza, Mwezi wa Pili. Vielelezo vyao vina tarehe za namna hiyo, na anayezisoma aweza kukosea kwa urahisi.

Mpaka mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Kwa Marafiki wa wakati huo Mwezi wa Kwanza ulikuwa Machi. Kitambaa kilichoandikwa Mwezi wa Tatu wa 1740 ni cha mwezi wa Mei. Baada ya mabadiliko ya 1752 Mwezi wa Kwanza ukawa Januari, na Mwezi wa Tatu ukawa Machi. Msomaji asiyejua habari hii huisogeza kazi ya mtoto kwa miezi miwili, na huenda akamkosesha umri wake au mwalimu wake.

Kwa wanaosema Kiswahili desturi ya kuhesabu siku si ngeni, lakini hesabu zenyewe hazilingani. Siku ya Kwanza ya Marafiki ni Jumapili, ambayo kwa jina lake la Kiswahili ni ya pili, kwa kuwa juma la Waswahili huanza baada ya Ijumaa. Siku ya Nne ya Marafiki ni Jumatano. Lakini Siku yao ya Tano ni Alhamisi, na hapo majina hukutana, maana Alhamisi imetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni ya tano kwa kuanzia Jumapili. Hivyo juma la Kiswahili lina tano mbili zinazofuatana, moja ya hesabu ya Kibantu na moja ya hesabu ya Kiarabu, na hesabu ya Marafiki inapatana na hii ya pili. Mfasiri wa hati za Marafiki hana budi kuliangalia jambo hilo. Akiandika Jumatano mahali pa Siku ya Tano, amekosa siku nzima.

Majina

Katika vielelezo vyenye maumbo ya pembe nane, ndani ya maumbo na kando yake, zimetawanywa herufi mbili mbili. Hizo ni herufi za mwanzo za majina ya wazazi, ndugu, walimu, na wasichana wenzi waliolala bweni moja. Marafiki waliandika kwa uangalifu mkubwa katika vitabu vya mikutano yao kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo. Kwa hiyo jina na mwaka katika kitambaa huweza kulinganishwa na kitabu cha mkutano, na herufi mbili zilizokuwa fumbo zikapata mtu wake. Wanawake ambao hawakuacha barua, wala wosia, wala jiwe la kaburi, wamejulikana kwa njia hiyo.

Miongoni mwa wasichana waliolelewa katika elimu hii alikuwamo Lucretia Coffin wa kisiwa cha Nantucket, aliyezaliwa mwaka 1793. Alisoma katika Nine Partners, kisha akafundisha huko, na huko ndiko alikoona kwamba walimu wanawake walilipwa kidogo sana kuliko wanaume kwa kazi ileile. Alipoolewa akaitwa Lucretia Mott, naye akawa miongoni mwa viongozi wa kupinga utumwa na wa mkutano wa haki za wanawake uliofanywa Seneca Falls mwaka 1848. Haifai kudai kwamba sindano ndiyo iliyomfanya vile. Lakini elimu iliyompa msichana kalamu, ramani, na nafasi ya kuandika jina lake mbele ya watu haikuwa elimu ya kumfundisha kunyamaza.

Uzi na dhamiri

Sifa hizi zisifiche upande wa pili. Marafiki wa Pennsylvania wa vizazi vya kwanza walikuwa na watumwa kama majirani zao. Mmoja wa waliowaamsha alikuwa John Woolman wa New Jersey, aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Aliacha kuvaa nguo zilizotiwa rangi na aliepuka sukari iliyotokana na kazi ya watumwa. Katika mwaka 1776 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia uliwakataza wanachama wake kumiliki watumwa. Hata hivyo vitu vya nyumbani viliendelea kutoka mikononi mwa watumwa. Nili ya buluu ililimwa na watumwa wa South Carolina tangu miaka ya 1740, na pamba iliyokuwa ikichukua mahali pa kitani katika karne ya 19 ilikuwa pamba ya watumwa. Ilikuwa pamba ya namna iyo hiyo iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ikaletwa Unguja na merikebu za Salem, ikaitwa merikani. Kuanzia miaka ya 1820 baadhi ya Marafiki, Lucretia Mott akiwa mmoja wao, walikataa bidhaa hizo na kununua katika maduka yaliyouza vitu vya kazi ya watu huru tu.

Tena, benchi la shule halikuwa la wote. Westtown ilifunguliwa kwa watoto wa Marafiki, na watu weusi walikuwa wachache sana katika uanachama. Sarah Mapps Douglass, mwalimu mweusi wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1806, alieleza jinsi yeye na mama yake walivyokalishwa katika benchi lililotengwa kwa watu weusi katika nyumba ya ibada ya Marafiki. Naye alifundisha wasichana weusi kwa miaka mingi. Kwa hiyo vielelezo vilivyohifadhiwa vyaonyesha nani aliyefundishwa, na kwa kimya chake vyaonyesha pia nani aliyeachwa nje.

Kupungua kwake na kuchunguzwa kwake

Kazi hii ilififia katikati ya karne ya 19. Wino usiofutika ulichukua mahali pa herufi za mshono katika kutia alama nguo. Cherehani, iliyopewa hataza na Elias Howe mwaka 1846 na kuendelezwa na Isaac Singer mwaka 1851, ilipunguza thamani ya mkono mwepesi. Shule za serikali ziliongezeka, na masomo ya wasichana yakazidi kukaribia ya wavulana. Katika mwaka 1921 Ethel Stanwood Bolton na Eva Johnston Coe walichapisha kitabu kikubwa cha kwanza kilichokusanya habari za vielelezo vya Marekani, na mwaka 1993 Betty Ring akatoa uchunguzi wake wa utarizi wa wasichana, uliovipanga vitambaa kwa shule na walimu wake.

Elimu ya Marafiki haikukoma Marekani. Hannah Kilham, Rafiki wa Uingereza, aliwafungulia watoto shule katika Gambia na Sierra Leone, na mwaka 1828 alichapisha mifano ya maneno ya lugha zipatazo thelathini za Kiafrika, kwa kuwa aliamini kwamba mtoto afundishwe kwanza kwa lugha ya mama yake. Alifariki baharini mwaka 1832. Katika Pemba, Marafiki wa Uingereza walianza kazi yao mwaka 1897, na mwaka 1902 Marafiki wa Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Kielelezo cha utarizi ni hati ndogo. Hakisemi yote, na mengi kinayosema alichaguliwa msichana na mwalimu wake. Lakini kati ya maneno ya kuamriwa mna jambo moja ambalo halikuweza kushonwa na mtu mwingine, nalo ni jina. Watu waliokataa kuandika majina juu ya makaburi yao waliwaachia binti zao wayaandike juu ya kitani, wakidhani kwamba wanawafundisha kutia alama shuka. Shuka zimechakaa na kutupwa. Majina yamebaki.